Gari Kuukuu na Safari ya Dodoma

Uamuzi wa kuyahamishia Dodoma makao makuu ya nchi yetu ulipitishwa mwaka 1973, lakini ilipita zaidi ya miaka 40 kabla ya ofisi nyingi za Serikali kuhama kwa vitendo. Kuanzia mwaka 2016 watumishi walianza kuondoka Dar es Salaam wizara baada ya wizara, na mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Tangu hapo barabara inayopita Morogoro, Gairo na Kibaigwa imekuwa njia ya kila siku ya maofisa, wabunge, wafanyabiashara, na ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaokwenda kushughulikia mambo ya Muungano au kuwatazama jamaa zao waliohamia huko. Treni ya umeme, ambayo ilianza kufika Dodoma mwaka 2024, imewapunguzia wengi adha ya safari. Hata hivyo, mtumishi anayehama na ahali yake na vyombo vyake, au ofisa anayetakiwa kufika Kondoa, Mpwapwa au Chemba, bado hana budi kutegemea gari. Na gari lenyewe, aghalabu, si jipya.

Kila apitaye njia hiyo amekwisha kuona tunachokikusudia. Gari limeegeshwa pembeni, boneti imefunguliwa, mvuke unafoka, na watoto wameketi kivulini mwa mti wakingoja mtu mwenye maji. Ukiuliza kulikoni, utajibiwa kwamba gari limekufa ghafla. Kauli hiyo, kwa maoni yetu, si sahihi. Injini haifi ghafla ila mara chache sana. Hulalamika kwanza, siku baada ya siku, kwa mlio, kwa moshi, kwa harufu na kwa mshale wa joto unaopanda kidogo kidogo. Dalili ya mvua ni mawingu. Kasoro iko kwetu sisi tusiosikiliza malalamiko hayo, au ambao tukiyasikia hukimbilia kununua vipuri kabla ya kuuliza sababu.

Hilo ndilo tunalotaka kulisema leo, kwa raia na kwa wakubwa wa ofisi pamoja. Nchi yetu haipotezi fedha kwa sababu magari yake ni kuukuu tu. Inazipoteza kwa sababu matengenezo hutangulia uchunguzi, ilhali ilipasa uchunguzi uyatangulie matengenezo.

Yafaa tuanze na kisa kilichompata mwandishi wa safu hii. Ana gari dogo la Kijapani ambalo umri wake unakaribia miaka 30. Miaka michache iliyopita lilichemsha maji mara moja mjini, katika msongamano wa jioni. Akalipeleka gereji. Kule likabadilishwa pampu ya maji, likaondolewa themostati kwa hoja kwamba nchi za joto hazina haja nayo, na mwenyewe akaonywa aandae fedha, kwa sababu gasketi ya silinda nayo haikuwa na siku nyingi. Alilipa, akashukuru, akaondoka. Wiki iliyofuata, katika mpando wa kuelekea Gairo, gari likachemsha tena, vibaya zaidi kuliko mara ya kwanza.

Fundi mmoja mtu mzima, mwenye banda lake kando ya barabara, aliitwa. Jambo la kwanza alilolifanya ni kutofanya kitu. Aliketi, akasubiri injini ipoe kwa muda uliokaribia saa nzima, na katika kusubiri huko akauliza maswali matatu: tatizo lilianza lini, hutokea mahali gani, na ni kitu gani kimekwisha kubadilishwa. Kisha akachomoa kijiti cha kupimia oili, akaipaka oili kidoleni. Haikuwa na rangi ya chai ya maziwa, kwa hiyo hakukuwa na dalili kwamba maji yameingia ndani ya injini. Akatazama kichupa cha maji ya akiba, akakikuta kimejaa hadi kinafurika, ilhali rejeta yenyewe imepungua. Hapo akatabasamu. Akafungua mfuniko wa rejeta na kutuonyesha mpira wake: ulikuwa umekauka na kupasuka kama nyayo za mkulima. Akatafuta mfuniko mwingine katika kopo lake, akalinganisha kipimo kilichoandikwa juu yake, akaufunga, akajaza maji. Gari likafika Dodoma mshale ukiwa katikati.

Hapana uchawi katika jambo hilo. Usawa wa bahari maji huchemka yanapofika nyuzi 100. Kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo hewa inavyopungua mgandamizo, na maji huchemka mapema zaidi. Dodoma iko kiasi cha mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na huko maji yaliyo wazi huchemka yanapokaribia nyuzi 96. Kazi ya mfuniko wa rejeta si kuzuia maji yasimwagike tu. Mfuniko mzima huyabana maji ndani hata yakaweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Mpira ukipasuka, kinga hiyo huondoka, lakini Unguja au Dar es Salaam mwenye gari anaweza asitambue kwa miezi mingi, maana barabara ni tambarare na safari ni fupi. Kutoka Mjini hadi Nungwi au Makunduchi ni mwendo wa kilomita 60 hivi, wala hapana mlima wa kuutaja. Safari ya Dodoma kutoka Dar es Salaam ni takriban kilomita 450, na sehemu kubwa yake ni kupanda. Kwa hiyo ugonjwa ulitoka nao pwani. Mlima uliudhihirisha tu. Mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Ama ile themostati, kuitoa lilikuwa kosa jingine. Kidude hicho huyazuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate joto linalofaa. Injini isiyopata joto lake hula mafuta mengi, huchafua oili na huchakaa upesi. Tena katika injini nyingi, themostati ikiondolewa, sehemu ya maji hupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, na gari likabebeshwa mzigo mlimani huchemsha kwa wepesi zaidi. Kama themostati imekwama, dawa yake ni kuweka nyingine nzima.

Tunaongeza onyo moja ambalo halina mzaha. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe wakati injini ina moto. Maji yaliyobanwa hufoka mara yanapopata nafasi, na yamekwisha kuwaunguza watu uso na mikono. Asiyeweza kusubiri nusu saa anaweza kulazimika kusubiri wiki kadhaa hospitalini.

Tuliokwenda chuoni kabla ya kwenda shule ya Serikali tunakumbuka kwamba mwalimu hakumpa mtoto aya kabla ya kumfundisha alifu kwa kijiti. Injini nayo ina alifu yake. Ili iwake na kuvuta, yahitaji mambo manne: umeme, mafuta, hewa, na mbano wa silinda. Ili idumu, yahitaji mawili: maji na oili. Hitilafu nyingi za gari kuukuu zimo ndani ya mambo hayo sita, na fundi mwenye utaratibu huyafuata moja baada ya jingine, akianza na lile jepesi na la bei ndogo. Fundi asiye na utaratibu huanza na kipuri alichonacho dukani.

Chukua gari lisilotaka kuwaka asubuhi. Swali la kwanza ni hili: injini inazunguka au haizunguki? Kama haizunguki, washa taa za mbele kisha ujaribu kuliwasha. Taa zikififia au zikizimika, umeme hautoshi; zikibaki na mwanga wake na injini isijibu, tazama stata na waya zake. Kabla ya kuilaani betri, tazama vichwa vyake. Kwa ndugu zetu wa visiwani, ambao magari yao hulala yakipigwa na upepo wa chumvi, ule unga mweupe au wa kijani unaoota pale hutosha peke yake kuuzuia umeme. Husafishwa kwa maji ya moto na brashi, waya zikafungwa imara, zikapakwa grisi. Betri nzima iliyojaa huonyesha volti 12.6 hivi injini ikiwa imezimwa, na injini ikiunguruma kipimo hupanda mpaka 14 au karibu na hapo. Kama hakipandi, mgonjwa ni alteneta au mkanda wake. Watu wangapi wamenunua betri mpya, ikafa baada ya wiki, wakamtukana muuzaji, kumbe ni mkanda tu uliolegea?

Kama injini inazunguka lakini haishiki, basi imekosa mafuta au imekosa cheche. Plagi ni shahidi mzuri. Ikitoka na rangi ya hudhurungi iliyokauka, silinda ile ni salama. Ikitoka na masizi meusi, mafuta ni mengi kuliko hewa. Ikiwa imeloa oili, ringi za pistoni au valvu zimechakaa. Ikiwa nyeupe na imeungua, injini inapata joto la kupita kiasi. Fundi anayezitupa plagi kuukuu bila kuzitazama ni sawa na tabibu anayemwaga damu ya mgonjwa bila kuipima.

Hapa hatuna budi kugusia mafuta yenyewe. Wasomaji watakumbuka jinsi neno uchakachuaji lilivyotapakaa nchini miaka ile mafuta ya taa yalipokuwa yakichanganywa katika dizeli na petroli kwa ajili ya faida. Serikali ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010 ili udanganyifu ugundulike, na mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa ili tamaa hiyo ikose faida. Hatua hizo zilisaidia. Lakini gari kuukuu lina taka zake lenyewe, zilizojikusanya chini ya tanki kwa miaka. Dereva anayengoja tanki likaribie kukauka ndipo ajaze, huivuta taka hiyo mpaka kwenye chujio na pampu. Gari linalovuta vizuri mjini na kulegea mlimani, aghalabu lina chujio la mafuta lililoziba, na bei ya chujio hailingani kabisa na bei ya pampu.

Sasa tuje kwenye hewa, ambayo katika nyanda za kati ni habari ya pekee. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Miezi iliyobakia ardhi hukauka, upepo huvuma, na vumbi huingia kila mahali. Madereva wa zamani walioendesha Land Rover zenye bakuli la oili katika chujio la hewa wanajua tunachokisema: walikuwa wakilifungua bakuli lile na kukuta tope zito chini yake. Tope lile lingeingia kwenye silinda lingefanya kazi ya msasa. Magari ya siku hizi yana chujio la karatasi, na karatasi ikiziba injini hukosa pumzi, hutoa moshi mweusi na kunywa mafuta kupita kiasi. Chujio hilo hupulizwa kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo wa wastani. Likichoka hubadilishwa. Wapo wanaolitoa wakaendesha bila chujio ili gari livute. Hao wananunua nguvu ya siku chache kwa kuuza injini nzima.

Msomaji wa kisiwani ajue pia kwamba gari lake kuukuu likipoteza nguvu kidogo Dodoma, si lazima liwe gonjwa. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 10, na injini hupumua hewa hiyo. Gari lenye kabureta, lililorekebishwa pwani, huko hupata mafuta mengi kuliko hewa, likatoa harufu ya petroli na masizi. Marekebisho madogo ya kabureta yatatosha, wala hapana haja ya kuifungua injini. Magari yanayopuliza mafuta kwa nozeli na kuongozwa na kompyuta hujirekebisha yenyewe, maadamu vihisio vyake ni vizima.

Kwa ajili ya magari hayo ya kompyuta, siku hizi mafundi wengi wana kidude cha kusomea hitilafu pale taa ya injini inapowaka. Ni chombo chenye manufaa na tunakiunga mkono. Lakini msimbo unaotokea pale ni shahidi, si hakimu. Ukisema kwamba silinda ya tatu inakosa moto, haukusema kama kosa ni la plagi, la koili, la nozeli au la valvu. Fundi hodari huhamisha koili ya silinda ya tatu akaipeleka ya kwanza. Msimbo ukihama nayo, amempata mkosaji bila ya kununua chochote. Fundi mvivu hununua koili nne.

Kuhusu moshi, kila mwenye gari anaweza kujifunza kuusoma kwa siku moja. Moshi wa samawati maana yake injini inachoma oili. Moshi mweusi maana yake mafuta yamezidi hewa. Mvuke mweupe wa asubuhi ya Juni au Julai, wakati baridi ya Dodoma inapouma, ukitoweka injini ikipata moto hauna neno. Lakini mweupe usiokoma, pamoja na maji yanayopungua kila siku bila kuvuja nje, ni dalili ya gasketi ya silinda, na gari hilo lisiendelee na safari.

Oili ni damu ya injini, na hili kila mtu husema lakini si kila mtu hulitenda. Ipimwe kila wiki, gari likiwa mahali pa usawa na injini ikiwa imezimwa. Ibadilishwe kwa muda uliowekwa, na penye vumbi muda huo ufupishwe. Taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, zima injini papo hapo. Dakika chache za ukaidi huweza kuangamiza kazi ya miaka 20. Na maji ya rejeta yasiwe ya kisima chochote kile. Visima vingi vya nyanda za kati vina maji yenye chumvi, kama vile visima vingi vya Unguja vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe vinavyotoa maji yenye chokaa. Chumvi na chokaa hiyo huganda ndani ya vijia vya rejeta kama inavyoganda katika birika la chai. Dawa maalumu ya rejeta ni bora; ikikosekana, kwa dharura maji ya mvua ni afadhali.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kidogo si kwa nia ya kumfanya kila msomaji awe fundi. Nia yetu ni kuonyesha kwamba hitilafu nyingi zinazoyalaza magari zina chanzo kidogo, chenye dalili, na chenye bei ambayo kila ofisi inaimudu. Kama ni hivyo, kwa nini nyua za ofisi nyingi za umma, bara na visiwani, zina magari yaliyosimama yakiota nyasi, mengine yakiwa yamekwisha kunyofolewa taa na magurudumu?

Jibu letu ni kwamba tumejenga mazoea ya kutoa fedha kwa ajili ya janga na kuzinyima kinga. Dereva akiomba chujio la hewa, huambiwa fungu halijafika, asubiri robo ijayo. Injini ikivunjika, fungu hupatikana, kwa sababu sasa ni dharura. Dereva akiripoti kwamba mshale wa joto unapanda, huonekana msumbufu. Asiporipoti, huonekana mpole. Utaratibu unaomwadhibu mwenye kusema mapema na kumsamehe mwenye kunyamaza hauwezi kuyatunza magari, hata yakiwa mapya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo hujengwa kwa kodi ya mkulima wa uwele na mvuvi wa dagaa.

Tusisahau kwamba gari la umma halimbebi ofisa peke yake. Zahanati iliyo mbali na barabara kuu hutegemea gari moja la wagonjwa. Gari hilo likilala kwa sababu ya mkanda wa feni uliokuwa ukipiga kelele mwezi mzima, mama mjamzito ambaye uchungu umemkuta usiku hatauliza ni fungu gani halikufika. Atahitaji kufika hospitali. Hapo ndipo mkanda wa bei ndogo unapogeuka kuwa jambo la uhai na mauti.

Wapo wanaosema kwamba dawa ni kuyauza magari yote makuukuu na kununua mapya. Hoja hiyo ina sehemu ya ukweli, nasi hatuikatai yote. Gari ambalo fremu yake imeliwa na kutu, au breki na usukani wake hauaminiki tena, au injini yake imepasuka bloku, liuzwe kwa mnada kwa wakati, kabla halijawa chuma chakavu. Kumlazimisha dereva asafiri na gari la namna hiyo ni kucheza na roho za watu. Lakini gari jipya likiingia katika ofisi isiyo na daftari wala chujio, litakuwa kuukuu kabla ya umri wake. Nchi inayoagiza magari kwa fedha za kigeni haiwezi kuyatupa kwa sababu ya mpira wa mfuniko.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kila gari la umma liwe na daftari ambalo ndani yake dereva ataandika dalili anazoziona: mshale ulipanda wapi, maji yamepungua kiasi gani, mlio umeanza lini. Madaftari mengi ya leo huandika kilomita na lita peke yake. Injini imeugua, daftari halina habari. Pili, kila mkuu wa ofisi atenge fedha ndogo ya matengenezo ya kawaida, isiyoguswa kwa shughuli nyingine, na aulizwe kuhusu fedha hiyo kama anavyoulizwa kuhusu posho.

Tatu, karakana yoyote, iwe ya Serikali au ya mtu binafsi, itoe kwanza maelezo ya chanzo cha hitilafu kwa maandishi ndipo iidhinishiwe kununua kipuri, na kipuri kilichotolewa kirudishwe kwa mwenye gari. Serikali ina Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, wenye karakana mikoani. Utaratibu huu unaweza kuanzia huko bila kusubiri sheria mpya. Sambamba na hilo, sisi wenye magari tukubali kumlipa fundi kwa uchunguzi wake. Yule mzee wa njia ya Gairo aliomba bei ya mfuniko tu, kwa sababu amezoea kwamba watu hulipia chuma wala hawalipii akili. Mazoea hayo ndiyo yanayomfundisha fundi mwingine kuuza vyuma visivyohitajika.

Nne, vijana wetu wanaosomea ufundi wa magari katika vyuo vya VETA na kwingineko wafundishwe na watahiniwe kwa kutafuta hitilafu, si kwa kufungua na kufunga tu. Mwanafunzi apewe gari lililofichwa kosa, aulizwe amelijuaje. Na mafundi wazee wa kando ya barabara, ambao hawana cheti lakini wana masikio, waalikwe madarasani japo mara moja kwa muhula. Elimu yao ikizikwa pamoja nao, hatutaipata katika kompyuta.

Kwa msomaji wa Unguja na Pemba ambaye anajiandaa kwa safari ya bara na gari lake la siku nyingi, tunamwachia wasia mfupi. Siku moja kabla ya kulipandisha gari melini, injini ikiwa baridi, fungua boneti. Tazama oili, maji, mkanda, mipira ya maji, vichwa vya betri na chujio la hewa. Bonyeza mpira wa mfuniko wa rejeta kwa kidole gumba. Kama umekauka, badilisha. Haitakuchukua hata nusu saa. Kisha uanze safari yako, na ukifika kwenye mpando wa Gairo utupie jicho mshale wa joto. Ukianza kupanda, punguza mwendo, egesha pembeni, subiri injini ipoe. Gari linakwambia neno, nawe ulisikilize kabla halijanyamaza.